Kipa wa Mechi Kumi na Moja

Mabango yalitundikwa Jumatatu asubuhi, kumi na moja, kwenye ukuta wa uwanja unaotazama barabara, na kabla jua halijakolea nusu ya mtaa ilikuwa imeshapita kuyatazama. Klabu ilikuwa imekata shauri kuwaenzi wachezaji wake wa zamani, wale walioipandisha timu daraja miaka thelathini na moja iliyopita, kabla haijashuka tena na kubaki huko chini mpaka leo. Kila bango lilikuwa na sura ya mchezaji enzi za ujana wake, na chini ya sura jina kwa rangi ya kijani ya klabu. Watu walisimama wakicheka: huyu kumbe alikuwa na nywele, yule kumbe alikuwa na shingo.

Mama Vifungo alifika na utepe wake wa kupimia ukining'inia shingoni. Jina hilo mtaa ulimpa kwa ajili ya duka lake la ushonaji, maana mtu akikosa kifungo mji mzima atakipata kwake, kwenye kopo moja kati ya makopo arobaini yaliyopangwa nyuma ya cherehani. Klabu ilikuwa imempa kazi ya kushona makoti kumi na moja ya kijani ya kuwavisha mashujaa siku ya Jumamosi, naye alikuja kumwona Katibu kuhusu vipimo. Hakufika kwa Katibu. Bango la kipa lilimsimamisha njiani.

Sura ilikuwa ya mumewe.

Sisemi ilifanana na ya mumewe. Ilikuwa yake: sikio la kushoto lililokatika ncha tangu utotoni, nyusi zinazokaribia kushikana, na ule mdomo wa mtu anayejizuia asicheke mbele ya wakubwa. Mama Vifungo ameamka na sura hiyo kwa miaka thelathini, hakuhitaji miwani. Lakini jina lililoandikwa chini yake lilikuwa la mwanamume mwingine kabisa, yule ambaye mtaa unamwita Mrefu, mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na tumbo linalotangulia kuingia kila moja.

Alisimama pale mpaka mwenye mkokoteni akamwomba njia. Kisha akatoa simu, akalipiga picha bango lile, akamtumia binti yake, nesi katika hospitali ya mji mwingine. Jibu likaja upesi: "Mama, huyo si baba? Mbona wameandika jina la mtu mwingine?"

Swali zuri. Wanaume kumi na wawili walikula kiapo kwamba halitajibiwa kamwe, lakini mimi sikuwemo, kwa hiyo nalijibu.

Mwaka ule Mrefu ndiye aliyekuwa kipa wa klabu, tena kipa pekee. Katikati ya msimu, usajili umeshafungwa, akapata kazi mji wa mbali, akapanda basi bila hata kurudisha glavu. Kwa kwenda simlaumu, mtu lazima ale. Lakini timu ilibaki na mechi kumi na moja na lango lisilo na mtu. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja fundi wa kuchomelea, aliyehamia mtaani miezi miwili tu nyuma, alikuwa anaunga nguzo ya goli iliyokatika huku wachezaji wakifanya mazoezi. Kila mpira uliomjia aliudaka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kinyago cha kukinga macho, akaurudisha na kuendelea na kazi yake. Nahodha alihesabu mipira sita. Wa saba aliupiga kwa makusudi, kwa nguvu zake zote. Kijana akaudaka vilevile, kisha akauliza kama kuna mtu ana tatizo naye.

Kumsajili haikuwezekana. Basi mtunza vifaa wa timu, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu na hili amsamehe, akaichukua kadi ya ligi ya Mrefu, akaishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka picha ikabanduka. Akabandika picha ya yule kijana kwa gundi ya unga wa ngano. Na kwa kuwa kipande cha muhuri kilikuwa kimeondoka na picha ya zamani, akakichora upya kwa kalamu ya wino wa bluu, taratibu, ulimi umetoka nje. Ndivyo Mgeni, kama walivyomwita, alivyocheza mechi kumi na moja kwa jina la mtu mwingine. Alifungwa mabao manne tu. Katika mechi ya mwisho, mechi ya kufa na kupona, alipangua penalti zikiwa zimebaki dakika mbili, na timu ikapanda daraja.

Kiapo kilifuata hapo hapo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, jasho halijakauka. Ligi ikijua, matokeo yote yangefutwa. Wachezaji kumi, Mgeni na mtunza vifaa wakaapa kufa nalo. Kisha wakatoka kupiga picha ya timu, na Mgeni akaombwa, kwa upole kabisa, asimame pembeni, sura yake isije ikaonekana gazetini. Picha ile ipo. Ina watu kumi, na katikati ya mstari wa nyuma pana nafasi ya mtu mmoja.

Mama Vifungo naye alikuwepo siku hiyo, mchumba wa fundi, amesimama nje ya uzio na mvua inamnyea. Alikuwa amekatazwa kumwita mchumba wake kwa jina. Mechi zote kumi na moja alipiga kelele neno moja tu, "Kipa", mpaka sauti ikakauka.

* * *

Siku ile ya mabango aliporudi nyumbani alimkuta mumewe uani, kwenye kibanda chake, amepiga magoti mbele ya geti la mteja. Alisubiri amalize kuunga.

"Umeyaona mabango?"

"Nimeyaona. Nilipita alfajiri."

"Na?"

"Wamenikuza mno. Pua imekuwa kama kitasa."

"Baba watoto, usinitanie leo. Jina umeliona?"

"Jina ni la kadi," alisema Mgeni. "Kadi ilikuwa yake."

"Na mikono ilikuwa ya nani?"

Mgeni akavua kinyago, akakiweka juu ya geti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo alipenda kuyaanza baada ya kufuta jasho. "Tuliapa, mama watoto. Hilo unalijua tangu zamani."

"Mliapa nyinyi. Mimi sikuapa kitu. Mimi nilikuwa nje nanyeshewa."

Akacheka kidogo, naye mkewe hakucheka. Alimkumbusha siku mtoto wao wa kiume, akiwa na miaka kumi na miwili, alipomwuliza baba kama ni kweli aliwahi kuwa kipa, na baba akajibu ndiyo. Mtoto akaomba picha. Picha hakuna. Akaomba jezi, kadi, chochote. Hakuna. Mtoto akacheka hadi akakaa chini, akasema baba anatia chumvi. Tangu siku hiyo Mgeni hakutaja tena mpira nyumbani kwake, na jambo hilo lilimchoma mkewe kuliko lilivyomchoma yeye, au ndivyo alivyoamini.

"Sikiliza," alisema Mgeni. "Ukisema wewe, ligi itafuta kila kitu. Wale kumi hawana kingine cha kujivunia. Wawili wameshakufa. Unataka kuwafuata hadi makaburini uwanyang'anye?"

Mama Vifungo alimgeuzia mgongo. Aliingia ndani akakata kitambaa cha koti la kwanza kwa hasira hivi kwamba mkasi ulisikika hadi uani.

Asubuhi yake alikwenda kwa Katibu. Sasa hapa niseme ukweli, alikosea. Aliamini kwamba mtu mwenye akili timamu akielezwa ukweli atajua la kufanya. Katibu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu safi, aliyehamia mji huu miaka mitano tu iliyopita na anayepiga mistari ya daftari zake zote kwa rula. Kadi za zamani aliziazima kutoka ghala la ligi ili apate picha za mabango, na sura ya Mgeni kijana hakuijua. Alimsikiliza Mama Vifungo mpaka mwisho. Kila alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma na kiti chake, mpaka kiti kikagonga kabati.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Waliocheza wote."

"Mama Vifungo, Jumamosi afisa wa ligi ndiye mgeni rasmi. Anatuletea bamba la shaba la kuweka mlangoni. Klabu hii ina miaka sitini, na kupanda daraja kule ndiko ushindi wake pekee. Kikombe kingine hatuna, hata cha chai."

"Mwalimu, mimi sijaja kuomba kikombe. Nimekuja kukwambia kwamba umeandika uongo ukutani."

"Nimekuelewa," alisema Katibu. "Nitalirekebisha."

Akalirekebisha kweli. Kabla ya jioni bango la kipa liliteremshwa, na Jumatano likapanda jipya. Jina lilikuwa lile lile. Sura ndiyo iliyobadilika: Mrefu wa leo, na tai, na kidevu cha pili, katikati ya vijana kumi wa miaka ishirini, kama baba mkwe aliyeingia darasani kwa makosa. Mama Vifungo aliliangalia mpaka macho yakamwasha. Kitu pekee duniani kilichoonyesha sura ya mumewe langoni kilikuwa lile bango lililotokana na kadi ya kughushi, na yeye kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameondoa hata hicho.

Alizunguka nyuma ya ofisi ya klabu. Bango la zamani alilikuta limekunjwa kando ya pipa la taka. Akalitia kwapani bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda kulitundika dukani kwake, mbele kabisa, kati ya magauni yaliyokwisha kushonwa. Sehemu ya jina aliifunika kwa kitambaa na pini nne. Wateja walipouliza huyu nani, alijibu, "Kipa." Walioendelea kuuliza aliwaambia wasimame wima awapime.

Mumewe alipita jioni kuchukua ufunguo, akasimama mbele ya bango muda mrefu.

"Pua ile," alisema mwishowe, akaondoka.

Alhamisi Katibu alimpigia simu kumtajia vipimo vya Mrefu kwa ajili ya koti la kumi na moja.

"Nimeshona kumi," alijibu Mama Vifungo. "La kipa silishoni kwa simu. Kipa aje mwenyewe nimpime."

"Mrefu ni mtu mwenye shughuli nyingi."

"Hata miaka ile alikuwa na shughuli nyingi, Mwalimu."

Katibu akakata simu, akampelekea kazi fundi mwingine upande wa pili wa mji. Kitambaa cha kijani kile kile hakikupatikana. Hilo Mama Vifungo alilisikia siku ya pili, na lilimfurahisha kuliko inavyompasa mtu mzima.

* * *

Ijumaa alichukua koti la nahodha, akampelekea mwenyewe kazini kwake. Nahodha aliitwa Kufuli tangu enzi za ubeki wake, na sasa ni kinyozi, chumba kimoja na viti viwili. Mama Vifungo alipoingia alimkuta anamnyoa mtu ndevu, povu limemjaa mteja mpaka masikioni. Juu ya kioo, kwenye fremu, palikuwa na picha ya timu, ile ya watu kumi.

"Karibu shemeji, kaa."

"Sikai. Koti lako hili. Mikono nimeiongeza, bado una mikono ya kushika watu jezi."

Kufuli akacheka, akaendelea na wembe. Alijua kilichomleta. Mtaa ulikuwa umeyaona mabango yote mawili ya kipa, na dukani kwa Mama Vifungo kulikuwa na la kwanza.

"Mgeni amekutuma?"

"Mgeni angejua niko hapa angenifungia ndani. Mgeni amefunga mdomo wake miaka thelathini na moja kwa sababu nyinyi mlimwapisha. Mlimwapisha nyinyi, mfungueni nyinyi."

Kufuli alifuta wembe kwenye taulo. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake haukuwa wa mtu aliyelala vizuri wiki hiyo. "Shemeji, kile ndicho kitu pekee tulichowahi kushinda. Mimi nimenyoa vichwa vya mji huu maisha yangu yote chini ya picha ile. Mtu akikaa hapa namwonyesha. Kikifutwa, nimwonyeshe nini?"

"Na ile nafasi katikati, ukiulizwa unasemaje?"

Mteja akafungua jicho moja ndani ya povu, akaitazama picha.

"Kweli," mteja alisema. "Pale pana nini?"

"Pa kipa," alisema Kufuli kwa sauti ndogo. "Huwa nasema alikuwa amekwenda kunywa maji."

"Miaka thelathini na moja anakunywa maji," alisema Mama Vifungo. "Na kiu haijaisha."

Aliweka koti juu ya kiti kitupu, akatoka. Hakuahidiwa lolote. Njiani alijisikia ametapika yote yaliyokuwa tumboni na bado hajapata nafuu.

* * *

Jumamosi Mgeni alisema atakwenda uwanjani. "Nitawapigia makofi," alisema. "Ni rafiki zangu." Alivaa shati lake la kazi lililofuliwa, lenye vitundu vidogo vya cheche kifuani, ingawa mkewe alikuwa amempigia pasi lingine. Walikaa jukwaani, safu ya tatu, karibu na uzio. Mama Vifungo alimwangalia mumewe amekaa kwa utulivu, mikono mapajani, akamwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Kama angeweza kumbeba mgongoni na kumtua katikati ya uwanja, angembeba.

Wakati wa mapumziko ya mechi ya siku hiyo wafanyakazi wa klabu waliweka kipaza sauti kando ya uwanja, mbele ya jukwaa. Afisa wa ligi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na jalada la karatasi mkononi. Bamba la shaba lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa. Mtangazaji akaanza kuita kutoka namba mbili, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alitoka na koti lake la kijani huku watu wakipiga makofi. Wanane walitoka kwa miguu yao, wengine wakichechemea. Kwenye nafasi za wawili waliokufa walisimama binti wa winga na kaka wa beki wa kushoto. Wakapanga mstari. Mgeni alimpigia kila mmoja makofi, kwa viganja vipana, bila kuruka hata mmoja.

Namba moja aliwekwa mwisho, kwa heshima, maana ndiye aliyeezeka paa la jukwaa. Jina lake likatajwa. Mrefu akatoka, ametanua kifua, koti lake la kijani cha majani mabichi pembeni ya kijani cha chupa cha wenzake. Akapunga mkono. Akaelekea katikati ya mstari, mahali pa kipa.

Hapo Kufuli akakaa chini.

Hakuanguka. Alikunja goti moja, akashika nyasi, akakunja la pili, akakaa, koti jipya na yote. Wa pembeni yake akamtazama, naye akakaa. Kisha wa tatu. Si jambo dogo mtu wa miaka hamsini na kitu kukaa kwenye nyasi mbele ya watu. Mmoja ilibidi ashikwe mkono, mwingine alitoa mlio uliosikika kwenye kipaza sauti. Binti wa winga akakusanya sketi yake akakaa. Kaka wa beki akafuata. Alibaki Mrefu peke yake amesimama, na kwa mara ya kwanza maishani urefu haukumsaidia.

Katibu alikuja mbio. "Nahodha, simameni. Kuna nini?"

"Kipa wetu hajaitwa," alisema Kufuli, na kipaza sauti kikalifikisha hilo jukwaa zima.

"Kipa ni huyu hapa."

"Kadi ni yangu," alisema Mrefu, "na jina ni langu."

"Kadi ni yako, kaka, hatugombani. Siku ya mechi ulikuwa wapi?"

Siku ya mechi Mrefu alikuwa umbali wa siku mbili kwa basi. Nitamtetea kidogo: barua ya mwaliko ilimfikia ikimwita shujaa, na ni wangapi wanaojibu barua kama hiyo kwa kusema mmekosea mtu?

Afisa wa ligi alisogea, akamwomba mtangazaji kipaza sauti. "Nahodha, naomba nielewe. Unaniambia aliyecheza siku ile si huyu?"

"Siku ile na mechi kumi kabla yake. Kadi mnayo ofisini kwenu, mheshimiwa. Utazame muhuri. Nusu ni ya ligi, nusu ni ya kalamu."

Jukwaani mtu alicheka, kisha kicheko kikafa. Afisa alivua miwani.

"Unajua unachokisema? Mchezaji asiyesajiliwa, mechi kumi na moja. Hilo nikiliandika, matokeo yote yanafutwa. Kupanda kwenu daraja kunafutwa. Hata bamba hili sitakuwa na ruhusa ya kuliacha hapa. Naweza pia kufanya sikusikia. Mapumziko yamebakiza dakika sita."

Katibu aliunganisha mikono kifuani kama anayeomba. Mama Vifungo alishika ubao wa kiti kwa mikono yote miwili. Hakufikiria shaba wala daraja. Alifikiri: wakisimama sasa, mume wangu atakufa akiwa hakucheza.

Kufuli aliwageukia wenzake, kulia na kushoto. Hakuna aliyesimama. Binti wa winga ndiye aliyetangulia.

"Baba yangu mpaka anakata roho alikuwa anasimulia habari za yule kipa," alisema. "Jina hakuwahi kulitaja. Mimi nataka kulijua. Andika, mama."

"Futa, mheshimiwa," alisema Kufuli. "Karatasi ni zenu, futeni. Sisi tulipanda. Tulikuwepo."

Mama Vifungo aligeuka amshike mumewe shati, amvute, amsukume, amlazimishe kama ni lazima. Maneno yote alikuwa ameshayapanga. Kiti kilikuwa kitupu. Mgeni alikuwa ameshafika mwisho wa ngazi, anafungua kijilango cha uzio ambacho yeye mwenyewe alikiunga mwaka juzi, bila haraka, kama mtu aliyeitwa kwenye kazi anayoijua. Jukwaa likamtazama, likalitazama sikio lile, na wengi waliopita dukani kwa mkewe wiki hiyo wakaanza kunong'ona.

Alipofika kwenye mstari Kufuli alimnyoshea mkono kutoka chini. "Tumekufungua, ndugu yetu. Tumechelewa."

Mgeni akamvuta Kufuli akasimama, kisha akamvuta wa pili, na wa tatu, mmoja mmoja, mpaka mstari mzima ukawa wima. Mrefu alikuwa amesogea pembeni hatua moja, halafu ya pili, mpaka nafasi ya katikati ikawa wazi. Mgeni akaingia na shati lake la matundu.

Afisa alifungua jalada, akatoa karatasi, akaikandamiza juu ya meza kando ya bamba. Akavaa miwani. "Jina lako?"

Mgeni akafuta mdomo kwa kiganja. Akalitaja. Spika zikalia, watu wakawa wanazomea na kushangilia kwa pamoja, na afisa akatikisa kichwa kwamba hakusikia. Akalitaja tena, sasa kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara, lake, la baba yake, na la babu yake juu, hadi watoto waliopanda ukutani wakalisikia na kuanza kulirudia.

Mama Vifungo alikuwa ameshateremka hadi kwenye uzio, uso umemlowa na hajali nani anamwona. Alijua ile ni karatasi ya kuifuta timu. Alijua pia kwamba katika kabati zote za ligi, hiyo ndiyo ingekuwa karatasi pekee inayosema mumewe alisimama langoni. Alipitisha vidole kwenye nyavu za uzio, akaitazama kalamu ikianza kutembea.

"Andika vizuri, mdogo wangu," alimwambia afisa. "Hilo la katikati ni la baba yake."